Radiogramu ya Cucu Imenitangaza

Wenzangu wa grupu, leo radiogramu imenivua nguo mbele ya kina mama wa kanisa. Saa nane mchana, jua likiwaka. Na aliyeianzisha kazi hiyo ni mimi mwenyewe, kwa kidole changu hiki.

Naandika nikiwa jikoni kwa mama mkwe, huku Tetu, nikiosha vikombe. Vikombe ishirini na sita. Hakuna aliyenituma. Nimejituma, kwa sababu hapa ndipo mahali pekee ambapo hakuna mtu ananiangalia (isipokuwa paka, na huyo ana sababu zake, mtaona).

Kwa wasiojua, radiogramu ni lile kabati refu la mbao la zamani lenye miguu minne. Redio iko upande mmoja, na upande wa pili, ukiinua kifuniko, kuna sahani ya kuchezea santuri. Ya hapa ilinunuliwa na Guka, babu ya mume wangu, akiwa kijana mwenye pesa za kahawa. Guka alishafariki. Kabati likabaki, na juu yake kitambaa cha kusuka, na juu ya kitambaa maua ya plastiki, na chini ya maua kitambaa kingine kidogo. Nyumba za huku mnazijua.

Ndani ya kabati hilo kuna santuri moja ambayo Cucu, mjane wa Guka, anaipenda kuliko ng'ombe wake. Anayeimba humo ni Guka mwenyewe. Alienda na wenzake wawili na gita moja, wakarekodi wimbo mmoja, na mwisho kabisa, wimbo ukishaisha, Guka anacheka. Cucu anaupenda wimbo, lakini anachokitaka hasa ni kile kicheko. Nakala nyingine hakuna. Leo ilikuwa siku ya familia ya kumkumbuka Guka, na Cucu alikuwa ameniomba kitu kimoja tu.

"Mama Shiku, wewe ni fundi. Nitengenezee hiyo kitu nisikie mzee yangu akicheka."

Mimi ni fundi wa simu. Nina kibanda Majengo, Nyeri mjini. Nabadilisha vioo, naweka betri, nafufua simu zilizoanguka chooni. Radiogramu nilikuwa sijawahi kuigusa. Lakini nikajibu, "Cucu, hiyo ni kazi ya nusu saa." (Nusu saa! Mungu anisamehe.)

Sasa sikilizeni. Wiki mbili zilizopita, nilipoifungua mara ya kwanza, ilikuwa inafanya kazi. Ndiyo, nimesema. Sindano ilikuwa imeisha, santuri ilikuwa inakwaruza, lakini sauti ilitoka kubwa na nzito. Ilihitaji sindano mpya tu, basi.

Shida ilikuwa mimi. Niliangalia kile kichwa kinachoshika sindano, kile kidude kilicho mwisho wa mkono wa santuri. Hakizidi punje tatu za mahindi. Nikajiuliza: mwanamume mzima, gita na kicheko, vyote vinapitaje hapo? Mnanijua. Nikiwa darasa la tatu nilifungua saa ya baba. Nikiwa la tano nikafungua pasi, na kilichofuata ni viboko. Nikatoa bisibisi yangu ya simu, ile nyembamba, nikakifungua kichwa.

Ndani mlikuwa na kijiwe. Chembamba, cheupe, kama ukucha wa mtoto. Nikasema, ahaa, kumbe sauti inakaa hapa! Nikakigusa kidogo tu, nione kama kinacheza.

Kikalia tik. Kikawa viwili.

Wakati huohuo mama mkwe wangu, Mami, akaingia na uji. "Iko aje?"

Na ulimi wangu, bila kunishauri, ukasema, "Mami, ni panya. Imekula hii kichwa."

Ningesema nimekivunja, angeniambia pole na tungekunywa uji. Lakini Mami ni mwanamke anayepangusa hata miguu ya viti. Aambiwe nyumba yake ina panya, tena na mke wa mtoto wake! Alishika kifua. "Panya? Kwangu?" Kesho yake akaleta paka kutoka Karatina, ndani ya kikapu. Tangu siku hiyo Mami ametembea kwa magoti na tochi chini ya viti, akitafuta panya ambaye hayuko. Nilikuwa namtazama, roho inaniuma, halafu nakunywa chai yake.

Nikaagiza kichwa kipya kutoka Nairobi. Kilifika kinang'aa, kina mstari wa rangi ya dhahabu. Nikakipeleka kwa jirani yangu wa Majengo, Mzee Salim, ambaye ametengeneza redio karibu na msikiti tangu kabla sijazaliwa. Kusema kweli sikutaka ushauri. Nilitaka akisifu.

Akakigeuzageuza, akanirudishia. "Kizuri. Lakini hiki ni cha sumaku, mwanangu. Mashine yenu haikuzoea hiki. Mimi nina kichwa cha aina ile ya zamani, kimo ndani ya kopo. Kichukue."

Kopo lenyewe lilikuwa la majani ya chai, limeshika kutu hadi kwenye kifuniko. Nikacheka. "Mzee, wacha mambo ya kale. Hii ni ya kisasa."

"Haya," akasema, akarudia redio yake. (Mzee wa Majengo akikwambia "haya" fupi namna hiyo, ujue ameshaona utakavyoanguka, anangoja tu asikie kishindo.)

Jana jioni dhamiri ikanizidi. Sikuwa na ujasiri wa kumwambia Mami, kwa hiyo nikawaambia nyinyi. Nikatuma ile sauti hapa kwenye grupu, nikakiri kila kitu, huku nikicheka. Nanyi mkacheka. Njoki ndiye aliyecheka kuliko wote. Kumbukeni hiyo sauti.

Leo asubuhi nimefika Tetu mapema. Nikafunga kichwa cha kisasa. Na kwa kuwa ujuzi ulikuwa unaniwasha, nikaongeza kadi ya bluetooth ili wajukuu wacheze nyimbo za simu. Nikaiunga kwenye njia ileile ya santuri, kwa sababu njia nyingine sikuiona. Nikajaribu na simu yangu. Kitufe cha sauti kina namba moja hadi kumi. Nilikizungusha hadi mbili tu, na maua ya plastiki yakaanza kucheza dansi. Safi! Nikaridhika hata sikukumbuka kuitenganisha simu. Kumbukeni na hilo pia.

Halafu nikaweka santuri ya Guka, nikashusha sindano.

Kimya. Si kimya hasa. Palikuwa na kitu, kama mbu aliye chumba cha pili. Nikazungusha hadi nne. Hadi saba. Hadi kumi, kitufe kikagoma kwenda mbele. Guka akasikika kama mtu anayeimba ndani ya gunia, na gunia lenyewe liko kwa jirani.

Nikarudisha kwenye mbili, nikaweka redio. Mtangazaji akanguruma mpaka Mami akaja kuchungulia. Nikarudi kwenye santuri. Mbu.

Nawaambia ukweli, hapo nilisahau hata haraka niliyokuwa nayo. Nikachuchumaa mbele ya lile kabati nikiwaza. Mashine ni ileile. Spika ni zilezile. Redio kwenye mbili inatosha, simu kwenye mbili inatosha, santuri hata kwenye kumi haitoshi. Sauti inapotelea wapi njiani? Nikatoa kitambaa nikidhani kinaziba spika. (Mami akakirudisha bila neno.) Nikakaza nyaya. Nikainamisha sikio kwenye sindano yenyewe, na ajabu, sindano peke yake ilikuwa inaimba karibu sawa na spika! Hilo lilinifurahisha sana. Lingenifurahisha zaidi kama wageni wasingekuwa wameanza kuingia langoni.

Wakaingia kina mama wa kanisa na wajukuu na majirani. Sala. Sahani za mukimo. Nduma. Chai. Kitufe nilikiacha kwenye kumi nikitumaini kwamba radiogramu ingeona watu ikajirekebisha yenyewe.

Cucu alikuwa amevaa rinda lake la bluu, lile la harusi za watu. Akaletewa kiti mbele kabisa, karibu na kabati. Akaniashiria kwa kichwa. Nikashusha sindano, nikarudi nyuma.

Tukangoja. Cucu akageuka. "Kwani bado hujaanza?"

"Imeanza, Cucu."

"Imeanza wapi?"

Mwenyekiti wa kina mama, mwanamke mkubwa mwenye sauti ya kupanga watu foleni, akasimama. "Hiyo inataka shilingi. Sisi zamani tulikuwa tunaweka shilingi kwa huo mkono, inakanyaga vizuri." Akaweka ya tano. Hakuna badiliko. Mwingine akaja na ya kumi. "Hiyo ni nyepesi, weka hii." Wa tatu akatoa ya ishirini. Mami naye akafungua kibeti, akachomoa ile ya arobaini ambayo huitunza kwa sababu hakuna duka linaloikubali. Foleni ikawa imeshajipanga na mkono wa santuri umeanza kulemewa.

Nikaruka. "Kina mama, tafadhali! Hii ni santuri, si sahani ya sadaka!"

Wakarudi kwenye viti, wengine wamenuna. Mwenyekiti akatoa amri. "Basi watu wote wanyamaze. Hata kikombe isilie."

Nikarudisha sindano mwanzo. Watu ishirini na sita wakashika pumzi. Cucu akasogeza kiti, akaweka mkono kwenye kabati, akaegemeza sikio lake kwenye kitambaa cha spika. Akafunga macho. Midomo yake ikaanza kufuata maneno, polepole, akikosa mengine.

Hapo niliumia, sitaki kuwadanganya. Mwanamke wa miaka themanini na sita anamtafuta mume wake ndani ya spika, na aliyemficha ni mimi. Nikasogea nyuma ya mlango ili machozi yangu yasionekane.

Ndipo Njoki (ndiyo, wewe, nakutaja) akaniandikia: "Mimi bado nacheka hiyo sehemu ya paka."

Sehemu ya paka? Sikukumbuka nilivyoisema. Na msijifanye watakatifu, hakuna mtu hapa ambaye hajawahi kurudia kusikiliza sauti yake mwenyewe. Nikafikiri, nisikie kidogo, nipunguze huzuni. Nikaiweka simu sikioni, nikabonyeza.

Sikioni hakukutoka kitu. Nikashangaa.

Halafu nyumba ikasema:

"WASICHANA! HAKUNA PANYA!"

Jamani. Kioo cha dirisha kilitetemeka. Cucu aliruka kutoka kwenye spika kwa wepesi ambao daktari wake hajawahi kuuona. Mwenyekiti akamwaga chai kwenye kitabu cha nyimbo. Na sauti yangu, kubwa kuliko mimi, ikaendelea kutoka ndani ya kabati la marehemu:

"NI MIMI NILIFUNGUA HIYO KICHWA! NILITAKA TU KUONA SAUTI INAKAA WAPI! IKAVUNJIKA TIK! NIKAAMBIA MAMI NI PANYA!"

Nilikuwa nabonyeza simu kama mtu anayeua siafu. Vidole vimejaa jasho, kioo hakinisikii. Nikashika kitufe cha pembeni nipunguze. Nilishika kile cha kuongeza.

"SASA WAMENUNUA PAKA! PAKA, WASICHANA! MAMI ANATEMBEA NA MAGOTI AKITAFUTA PANYA NA TOCHI! NA MIMI NDIO NALETEA PAKA MAZIWA!"

Kisha kikaja kicheko changu. Mnakijua kicheko changu. Sasa kifikirieni kwenye namba kumi. Paka, ambaye alikuwa amelala juu ya kochi, alitoka kwa dirisha bila kugusa kitu.

Sauti ikaisha. Kukawa kimya kabisa, na katikati ya ule ukimya Guka akaendelea kuimba kidogokidogo kama mbu.

Nikatoka nyuma ya mlango, simu mkononi, maana kujificha kulikuwa kumepoteza maana.

Cucu ndiye aliyeongea kwanza. Alipapasa sikio lake, akalitikisa, akasema, "Sasa hiyo nimesikia vizuri."

"Cucu, nisamehe."

"Mimi nilijua kitambo. Panya ya hii nyumba inakula mahindi. Sijawahi ona panya iko na bisibisi." Akatoa kitambaa chake cha mfukoni, akafungua fundo, na humo, katikati ya sarafu na peremende, mlikuwa na bisibisi yangu nyembamba. Ile ambayo nimeitafuta wiki mbili! Nilikuwa nimeiacha chini ya kabati siku ileile.

"Na kwa nini hukusema, Cucu?"

"Nilikuwa nangoja wewe useme. Sasa umesema. Umesema hata kwa jirani."

Kina mama wakaangua kicheko, wengine mpaka wakashikana mabega. Mami hakucheka. Alikuwa amekaa mikono mapajani, ananitazama. Nikaenda nikapiga magoti mbele yake, kwenye sakafu aliyoisugua mwenyewe. "Mami, nisamehe. Nyumba yako haina panya. Haijawahi kuwa nayo."

"Wiki mbili, Mama Shiku," akasema. "Wiki mbili nimetembea na hizi magoti. Nimeambia hata dada yangu ya Othaya asilale hapa."

"Nitampigia mimi nimwambie."

"Utampigia. Na hiyo paka utaenda nayo." Halafu mdomo wake ukaanza kutetemeka, nikadhani analia. Alikuwa anazuia kicheko. "Ati natafuta panya na tochi!" Na yeye akaachia.

Cucu akagonga kabati kwa kiganja. "Mmecheka mmemaliza? Mimi bado sijasikia mzee yangu."

Nikampigia Mzee Salim. Nikaanza kueleza kwa mzunguko, akanikatiza. "Inanong'ona?"

"Inanong'ona, Mzee."

"Haya. Nakuja."

Akaja na bodaboda, kofia yake ya sala kichwani na kopo la kutu kwapani. Akawasalimu kina mama mmoja mmoja, akamwinamia Cucu, kisha akaketi chini mbele ya kabati. Mimi nikashika tochi (ya Mami, bila shaka). Sikuweza kuvumilia, nikamuuliza lile swali la asubuhi: sauti ilikuwa inapotelea wapi?

"Haikupotea," akasema akiwa anafungua kile cha kisasa. "Haikuwa nyingi tangu mwanzo. Kile kijiwe ulichokivunja, sindano ikikitikisa, kinatoa umeme wa kuitosha mashine. Hiki cha sumaku kinatoa umeme kidogo mno. Ni kizuri, lakini kinataka kifaa kingine kati yake na mashine, cha kukuza kwanza. Hii mashine ilizoea mgeni anayepiga hodi kwa nguvu. Wewe umemletea anayenong'ona mlangoni. Atafunguliwa na nani?"

Nawaambia, nilisahau aibu yote. Kumbe! Redio ina nguvu zake, simu ina nguvu zake, na kichwa cha zamani kina nguvu zake, ndiyo maana vyote vinatoshwa na mbili. Nikauliza maswali mengine manne mpaka Cucu akakohoa.

Mzee Salim akamaliza kufunga. "Tayari. Weka."

Nikashusha sindano. Nadhani nyinyi wenye akili mmeshaona kitu ambacho mimi, fundi, sikukiona. Kitufe hakuna aliyekigusa. Kilikuwa bado kwenye kumi.

GUKA AKAINGIA!

Gita lilianguka sebuleni kama mzigo wa kuni. Mzee Salim alishika masikio yote mawili. Sauti ya Guka ikapita mlangoni, ikashuka hadi shamba la chai, na ng'ombe wa jirani akaitikia. Nikarukia kitufe. Kabla sijakifikia, Cucu akanipiga mkono, paa!

"Usiguse! Wacha hivyo!"

"Cucu, itakuumiza masikio!"

"Alikuwa anaimba hivyo hivyo! Mimi nilimsikia nikiwa ng'ambo ya mto, nikichota maji, kabla nijue uso yake iko aje. Wacha!"

Nikaacha. Cucu akasimama bila mkongojo, machozi yanashuka na yeye hayafuti, akiimba kila neno na asikose hata moja. Wimbo ukafika mwisho. Gita likanyamaza. Na Guka akacheka, kicheko kikubwa cha kijana ambaye hajui kwamba kuna siku atakufa, na Cucu akacheka naye uso kwa uso, kana kwamba ndiye aliyemchekesha.

Tumeicheza mara nne. Mzee Salim amekunywa vikombe vitatu vya chai, na akiondoka akaniuliza kwa upole, "Na kile cha kisasa?"

"Kiko mfukoni, Mzee."

"Haya."

Basi ndiyo hivyo. Vikombe vimeisha. Paka amerudi, yuko ndani ya kikapu chake tayari kwa safari, ananitazama kwa dharau kwa sababu nimemtoa Karatina kwa panya wa uongo. Najua mtacheka, siwezi kuwazuia. Lakini nawaomba, chekeni kwa kuandika, mtu asinitumie sauti. Simu yangu bado imeshikana na radiogramu, kitufe bado kiko kwenye kumi, na Cucu amekataa kiguswe.